UNYEVU KATIKA MABAMBA YA POLIKABONETI YA VITALU-NYUMBA: JINSI UNAVYOINGIA NA JINSI YA KUUZUIA

Katika shule, vyuo na mashamba mengi ya Afrika Mashariki, kitalu-nyumba si kitu kigeni tena. Ni nyumba inayopitisha mwanga wa jua, ambamo mimea hukingwa dhidi ya mvua kubwa, upepo, wadudu na baridi ya usiku. Vitalu-nyumba vingi hufunikwa kwa plastiki laini ambayo watu wameizoea kwa jina la nailoni. Plastiki hiyo ni nafuu kwa bei, lakini haidumu kwa miaka mingi. Vingine, hasa vile vinavyokusudiwa kutumika kwa muda mrefu, hufunikwa kwa mabamba magumu ya polikaboneti. Bamba la namna hii huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na mnunuzi hutazamia kwamba litamtumikia kwa miaka kumi au zaidi.

Hata hivyo, hutokea kwamba baada ya misimu michache tu ya mvua bamba lililokuwa angavu huanza kubadilika. Matone ya maji huonekana ndani yake, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachoweza kufika. Baadaye rangi ya kijani hutanda katika mifereji yake, mwanga hupungua, na miche iliyo chini yake hurefuka na kudhoofika. Mwenye kitalu hulaumu kiwanda, na fundi huleta silikoni na kuziba kila tundu analoliona. Mara nyingi kazi hiyo huongeza tatizo badala ya kulimaliza.

Je, maji hayo hutoka wapi? Kwa nini kuziba kila mahali hakusaidii? Majibu yake yamo katika kanuni za fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari hujifunza darasani. Anayezifahamu kanuni hizo anaweza kulinda mali yenye thamani kubwa kwa kutumia vifaa vichache.

POLIKABONETI NI KITU GANI?

Polikaboneti ni plastiki ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu. Katika kila mnyororo, vipande vya kaboni na haidrojeni vimeungwa kwa viungo vya kaboneti, yaani atomu ya kaboni iliyoshikana na atomu tatu za oksijeni. Mwaka 1953 Hermann Schnell, mkemia wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox, mkemia wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, waligundua namna ya kuitengeneza plastiki hii. Kila mmoja alifanya kazi yake peke yake, bila ya kujua kazi ya mwenzake. Tangu wakati huo polikaboneti imetumika katika kazi nyingi. Kofia za wanaanga waliokwenda mwezini zilitengenezwa kwa plastiki hii, na santuri ndogo za kusomwa kwa miali ya leza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilitengenezwa kwayo pia.

Sifa zake zinaifaa sana kazi ya kuezeka. Hupitisha mwanga karibu sawa na kioo, lakini haivunjiki kwa urahisi ipigwapo na mvua ya mawe. Tena ni nyepesi. Kioo chenye unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, hali bamba la polikaboneti lenye mifereji na unene wa milimita 10 lina uzito wa kilo 1.7 hivi tu. Kwa hiyo mihimili inayolibeba inaweza kuwa myembamba, na gharama ya ujenzi hupungua.

Bamba la kitalu-nyumba kwa kawaida halikujaa plastiki tupu. Lina kuta mbili au zaidi zilizo sambamba, nazo zimeunganishwa kwa mbavu nyembamba. Kati ya mbavu hizo kuna mifereji mirefu iliyojaa hewa, ambayo huanzia ncha moja ya bamba hadi ncha ya pili. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa sababu hiyo bamba la kuta mbili lenye unene wa milimita 10 hupoteza karibu nusu tu ya joto linalopotea kwa kupitia kioo kimoja cha kawaida. Mifereji hiyo ndiyo faida kubwa ya bamba, na hiyo hiyo ndiyo chanzo cha matatizo yanayoelezwa katika makala haya.

NJIA ZINAZOTUMIWA NA UNYEVU

Unyevu huingia katika mifereji kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni ncha za bamba zilizoachwa wazi. Bamba likatwapo, mifereji yote hubaki na midomo iliyo wazi. Mvua inayosukumwa na upepo huingia humo moja kwa moja, pamoja na vumbi na wadudu wadogo.

Njia ya pili ni nyufa nyembamba. Maji huvutwa na nyuso za vitu yanavyogusana navyo, na katika nafasi iliyo nyembamba mvuto huo unaweza kuyapandisha juu kinyume cha uzito wake. Kati ya vipande viwili vya kioo safi vilivyoachana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, maji yanaweza kupanda hadi sentimita 15 hivi. Polikaboneti hailowi upesi kama kioo, lakini uso wake uliochafuka kwa vumbi na udongo huyavuta maji vizuri zaidi. Ndiyo maana maji hupenya chini ya ubao au chuma kilichobana bamba, mahali ambapo jicho huona kwamba hapana nafasi.

Njia ya tatu ni plastiki yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kitu kisichopitisha maji hakiwezi kupitisha mvuke wa maji. Dhana hii si sahihi. Molekuli za mvuke ni ndogo mno, nazo huweza kujipenyeza polepole katikati ya minyororo ya polikaboneti. Ndani ya kitalu-nyumba hewa ina unyevu mwingi, kwa maana udongo hutoa mvuke na majani hutoa mvuke. Kiasi kidogo cha mvuke huo hupita katika ukuta wa bamba na kuingia katika mifereji, hata kama ncha zote mbili zimezibwa barabara.

Njia ya nne ni muhimu kuliko zote, nayo husahauliwa na wengi: bamba hupumua.

BAMBA LINAVYOPUMUA

Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kanuni ya Charles, kwamba hewa iliyo katika kanieneo isiyobadilika hutanuka kwa kadiri joto lake linavyoongezeka, joto hilo likipimwa kwa kipimo cha Kelvin. Kanuni hiyo hufanya kazi juu ya paa la kitalu-nyumba kila siku.

Tuseme bamba lina upana wa mita 2.1, urefu wa mita 6 na unene wa milimita 10. Ujazo wake wote ni lita 126. Plastiki yenyewe huchukua karibu lita 18, kwa hiyo hewa iliyomo katika mifereji ni karibu lita 108. Katika nyanda za juu, kama vile Njombe, Lushoto au Limuru, bamba hilo linaweza kuwa na joto la nyuzi 12 za Sentigredi alfajiri, na likafikia nyuzi 52 jua la mchana likiliwakia. Kwa kipimo cha Kelvin, joto limepanda kutoka 285 hadi 325. Lita 108 za alfajiri zimekuwa lita 123 mchana, yaani lita 15 za hewa hazina nafasi tena ndani ya bamba na hutoka nje. Jioni joto lishukapo, hewa iliyobaki husinyaa, na lita 15 za hewa mpya huvutwa ndani.

Hewa hiyo ya jioni haiji mikono mitupu. Katika joto la nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu huwa na gramu 17 hivi za mvuke. Kwa hiyo lita 15 huleta robo gramu ya maji. Kiasi hiki ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kama maji hayo hayapati njia ya kutoka, katika muda wa siku mia moja yatafika gramu 25, yaani karibu vijiko viwili vikubwa vya mezani.

Hatari huwa kubwa zaidi mvua inyeshapo ghafula wakati wa jua kali. Bamba lililokuwa na joto la nyuzi 52 hupozwa na maji ya mvua hadi nyuzi 25 kwa muda wa dakika chache tu. Hewa iliyomo ndani husinyaa kwa zaidi ya asilimia 8, na karibu lita 9 za hewa huvutwa ndani kwa nguvu. Kama wakati huo ncha ya chini ya bamba imezama katika maji yaliyotuama ndani ya fremu, haitavuta hewa. Itavuta maji, kama vile mtu anywavyo kwa mrija.

JINSI MVUKE UNAVYOGEUKA KUWA MAJI

Uwezo wa hewa wa kubeba mvuke hutegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke. Kwa nyuzi 15, hewa hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13. Hewa ya kwanza ikipozwa hadi kufikia hali ya pili, gramu 17 hukosa mahali pa kukaa, nazo hugeuka kuwa matone. Jambo hili huitwa mtonesho, na ndilo linaloleta umande majanini.

Usiku usio na mawingu, paa hupoteza joto lake kwa mnunurisho kuelekea angani, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Matone hujitokeza kwanza katika ukuta wa juu wa mfereji, kwa kuwa ndio ulio baridi zaidi. Matone machache yanayoonekana asubuhi na kutoweka kabla ya adhuhuri si dalili ya ubovu. Lakini maji yanayokaa mchana kutwa, yanayokusanyika katika ncha ya chini, au yanayoandamana na rangi ya kijani, ni ishara kwamba bamba haliwezi kujikausha.

HASARA ZINAZOLETWA NA UNYEVU

Hasara ya kwanza ni upungufu wa mwanga. Kila tone hurudisha sehemu ya mwanga lilikotoka. Maji yakikaa kwa muda mrefu, miani huota. Miani ni mimea midogo sana ya majini, nayo huhitaji mwanga, maji na chembe chache za vumbi tu ili iishi. Mifereji ya bamba lililoingia maji huipa yote hayo. Miani hula mwanga ule ule unaotakiwa na nyanya au miche ya miti iliyo chini ya paa, na usanisinuru wa mazao hupungua.

Hasara ya pili ni upotevu wa joto. Maji hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko hewa iliyotulia. Mfereji uliojaa maji haukingi tena baridi ya usiku.

Hasara ya tatu ni magonjwa. Matone yanayojikusanya upande wa chini wa paa hudondoka juu ya majani. Viini vya ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao hushambulia nyanya na viazi mviringo, huhitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili viweze kuota na kupenya. Kuvu wa kijivu anayeozesha maua na matunda naye hustawi katika hali hiyo hiyo. Paa linalodondosha maji kila alfajiri linaweza kumnyang'anya mkulima mavuno yote ya msimu mmoja.

NAMNA YA KUZIBA: JUU NA CHINI SI SAWA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli kwa ncha ya juu ya bamba. Lakini kwa ncha ya chini, ufa mdogo uliotengenezwa kwa makusudi ndio unaouokoa ukuta.

Fikiria bamba lililozibwa kabisa pande zote. Hewa ikipata joto kutoka nyuzi 12 hadi 52 bila ya nafasi ya kutanuka, kanieneo yake itaongezeka kwa asilimia 14, yaani kadiri ya paskali 14,000. Ncha ya bamba yenye upana wa mita 2.1 na unene wa milimita 10 ina eneo la mita za mraba 0.021. Kani inayousukuma utepe wa kuzibia ni karibu niutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30 hivi. Utepe unaosukumwa namna hiyo kila siku hatimaye hubanduka. Na ule mvuke uliopenya katika plastiki, ukiwa umekwisha kugeuka kuwa maji, hauna pa kutokea. Kuziba kila mahali ni kuyafungia maji ndani.

Kwa hiyo kanuni ni hii: juu kuzibwe kabisa, chini kuachwe kupumua.

Kwanza, bamba lazima liwekwe ili mifereji yake ielekee kule maji yanakoteremkia. Paa liwe na mwinamo wa angalau nyuzi 5 za pembe, yaani mteremko wa sentimita 9 kwa kila mita moja. Mifereji ikilazwa kwa upana wa paa, hakuna utepe wala gundi itakayosaidia, kwa maana maji yatalala humo daima.

Pili, bamba likishakatwa, unga wa msumeno uondolewe katika mifereji kwa kupuliziwa hewa kavu kabla ya kuziba. Unga huo huvutwa na umeme tuli, hung'ang'ania ndani, na baadaye hushika unyevu.

Tatu, ncha ya juu izibwe kwa utepe wa alumini wenye gundi, ambao haupitishi maji wala mvuke. Ncha ya chini izibwe kwa utepe maalumu wenye vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa kichujio. Kichujio hicho huruhusu hewa na unyevu kupita, lakini huzuia vumbi na wadudu. Utepe wa kawaida wa kufungia vifurushi haufai, kwa sababu jua huuharibu upesi. Kama bamba limekunjwa kuwa tao, na ncha zake zote mbili zinatazama chini, basi zote mbili zizibwe kwa utepe wenye kichujio.

Nne, juu ya kila utepe livalishwe fremu jembamba la polikaboneti au alumini lenye umbo la herufi U, ili kuukinga utepe na jua na mikwaruzo. Fremu la ncha ya chini litobolewe vitundu vya kutolea maji, kimoja kila baada ya sentimita 30 hivi. Vitundu hivi ni vidogo, lakini kuziba kwake kwa matope au majani makavu ndiko kunakoligeuza fremu kuwa birika, na bamba kuwa mrija.

KUTANUKA KWA BAMBA

Kitu cha pili kinachofungua njia ya maji ni mwendo wa bamba lenyewe. Polikaboneti hutanuka sana ipatapo joto. Kila mita moja hurefuka kwa milimita 0.065 kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Chuma cha pua cha kujengea, kwa kulinganisha, hurefuka kwa milimita 0.012 tu. Katika mabadiliko ya nyuzi 40, bamba la mita 6 litarefuka kwa milimita 15.6, na mhimili wa chuma unaolibeba utarefuka kwa milimita 2.9. Tofauti ya karibu milimita 13 lazima ipewe nafasi.

Fundi asiyelijua jambo hili hutoboa tundu lenye ukubwa sawa na skrubu na kukaza kwa nguvu zake zote. Asubuhi na jioni bamba huvutana na skrubu. Plastiki hupata nyufa ndogo, silikoni huchanika, na maji huingia. Njia iliyo sahihi ni kutoboa tundu lililo pana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, mbali na ukingo wa bamba, na kuweka chini ya kichwa cha skrubu washa pana yenye mpira. Skrubu ikazwe mpaka mpira uguse na kulala sawasawa, isikazwe mpaka bamba libonyee. Katika fremu pia iachwe nafasi ya milimita 3 hivi kwa kila mita moja ya bamba.

VITU VINAVYOIDHURU POLIKABONETI

Si kila kitu kinachozuia maji kinafaa kugusana na plastiki hii. Ziko silikoni ambazo zinapokauka hutoa asidi ya asetiki, ambayo hujulikana kwa harufu yake ya siki. Ziko nyingine zinazotoa amini. Zote mbili zinaweza kusababisha nyufa katika bamba, hasa mahali lilipokazwa. Silikoni inayotakiwa ni ile inayoitwa ya tindikali sifuri, yaani isiyo na asidi wala alikali, na maandishi ya chupa yasomwe kabla ya kununua. Hali kadhalika, mipira ya kubania isiwe ya PVC laini. Mafuta yanayoilainisha PVC hutoka polepole na kuingia katika polikaboneti, nayo huidhoofisha. Mpira wa aina ya EPDM hauna madhara hayo.

Alikali ni adui mwingine. Viungo vya kaboneti vinavyoishika minyororo ya plastiki hii hukatwa na alikali kwa msaada wa maji, katika mmenyuko unaofanana na ule wa kutengeneza sabuni kutokana na mafuta. Chokaa na saruji mbichi ni alikali. Kwa hiyo haifai kuupaka uso wa bamba chokaa ili kupunguza jua, wala kuliacha bamba liguse ukuta wa saruji ambayo haijakauka. Kama kivuli kinahitajika, kitandikwe kitambaa cha wavu.

Mwisho, mionzi ya urujuanimno. Polikaboneti isiyokingwa hugeuka manjano na kuwa na ukurutu baada ya kukaa juani. Ndiyo maana viwanda huliweka tabaka jembamba la kukinga mionzi hiyo, lenye unene wa kama milimita 0.05, mara nyingi upande mmoja tu wa bamba. Upande huo huonyeshwa kwa maandishi juu ya karatasi ya plastiki inayolifunika bamba jipya. Upande wenye alama ndio unaopasa kulitazama jua. Karatasi hiyo iondolewe mara tu kazi ya kuezeka inapokwisha, kwa kuwa ikiachwa juani hugandamana na bamba.

UTUNZAJI WA KILA MWAKA

Wakati unaofaa zaidi wa ukaguzi ni kabla ya mvua kuanza. Mambo ya kutazamwa ni haya:

1. Vitundu vya fremu la chini vizibuliwe kwa kijiti laini, na maji kidogo yamwagwe ili kuhakikisha kwamba yanapita.

2. Tepe zitazamwe. Utepe uliobanduka au uliochanika ubadilishwe wote, usiongezewe kiraka.

3. Skrubu zilizolegea zikazwe kidogo, na mipira iliyokauka na kupasuka itolewe.

4. Uso wa bamba uoshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo isiyo kali, na kitambaa laini au sifongo. Kwanza maji mengi yapitishwe ili kuondoa mchanga, kwa maana mchanga ukisuguliwa hukwaruza. Kazi hii ifanywe asubuhi au jioni, si wakati bamba likiwa na joto.

5. Visitumike petroli, asetoni, dawa ya kupunguzia rangi, unga wa kusugulia, brashi ngumu wala dawa yenye amonia.

Aidha, unyevu wa ndani ya kitalu upunguzwe. Mimea inyweshwe asubuhi badala ya jioni, maji yapelekwe shinani badala ya kunyunyizwa juu ya majani, na madirisha ya juu yafunguliwe mapema ili hewa yenye mvuke itoke kabla joto halijapanda.

BAMBA LILILOKWISHA KUINGIA MAJI

Bamba lenye maji au miani halipaswi kutupwa mara moja. Lishushwe katika siku kavu, na tepe zote mbili zibanduliwe. Maji safi yenye sabuni kidogo yapitishwe katika mifereji kutoka juu hadi chini, kisha maji matupu. Halafu bamba lisimamishwe wima kivulini, mifereji ikielekea chini, lipuliziwe hewa kavu, na liachwe hadi likauke kabisa. Kuziba bamba ambalo bado lina unyevu ni kurudia kosa la mwanzo. Likishakauka, liwekewe tepe mpya, la alumini juu na la kichujio chini, kisha lirudishwe mahali pake upande wake wa kukinga mionzi ukitazama juu.

MAJARIBIO YA DARASANI

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mambo haya kwa vifaa rahisi.

Jaribio la kwanza: Chukua chupa ya kioo iliyo tupu, iwekee kizibo chenye mrija mwembamba, na uinamishe ili ncha ya mrija izame katika bakuli la maji yenye rangi. Izungushie chupa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Mapovu yatatoka katika mrija. Kisha ondoa kitambaa na umwagie chupa maji baridi. Maji yenye rangi yatapanda katika mrija na kuingia ndani. Hivyo ndivyo bamba linavyovuta maji mvua inyeshapo mchana.

Jaribio la pili: Tia maji katika kopo la bati linalong'aa, na uongeze vipande vya barafu kidogo kidogo huku ukikoroga na kusoma kipimajoto. Andika joto ambalo bati huanza kupoteza mng'ao wake. Hicho ndicho kiwango cha umande cha hewa ya darasani. Rudia ndani ya kitalu-nyumba, na ulinganishe.

Jaribio la tatu: Simamisha vipande viwili vya kioo katika sahani ya maji yenye rangi, upande mmoja vikigusana na upande mwingine vikitenganishwa kwa njiti ya kiberiti. Tazama ni upande upi ambako maji hupanda juu zaidi, na ueleze kwa nini.

HITIMISHO

Tatizo la unyevu katika mabamba ya polikaboneti halitokani na uhodari mdogo wa kuziba, bali aghalabu hutokana na kutofahamu hewa, joto na maji vinavyotenda kazi pamoja. Mvuke hauwezi kuzuiwa kabisa usiingie. Unaweza tu kupewa njia rahisi ya kutoka. Mwinamo ulio sahihi, utepe unaofaa katika kila ncha, nafasi ya bamba kutanuka, na vitundu vichache vinavyosafishwa kabla ya kila msimu wa mvua, ni mambo yasiyohitaji gharama kubwa. Shule iliyonunua mabamba hayo kwa fedha iliyokusanywa kwa jasho la wazazi inaweza kuyatunza kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wakapata humo mavuno ya mboga pamoja na somo la fizikia.